Majibu ya Unyayo

Sifa na shukrani ni zako, Mungu uliyetuvika ngozi bila kutuuliza, ukaitia alama upendavyo, mahali upendapo. Nakushukuru kwa mguu wa kulia na kwa mguu wa kushoto, na kwa pumzi ya kuyasimulia haya nikiwa nimeketi kwenye kiti changu, si kwa sababu nimeshindwa kusimama, bali kwa sababu uzeeni kuketi ni starehe. Nisaidie niseme kweli wala nisiongeze chumvi, maana wengi wa waliokuwepo bado wako hai na wanajua kusoma.

Katika kanisa letu, nje kidogo ya mji wa Elburgon, hatushiriki Meza ya Bwana kabla ya kutawadhana miguu. Wanaume huenda upande wao na wanawake upande wao, wawili wawili, kila jozi na beseni la maji ya vuguvugu na taulo. Mwenzangu ni jirani yangu, mzee aliyefanya kazi katika kiwanda cha mbao mpaka kiwanda chenyewe kikafungwa. Tumetawadhana tangu tukiwa na nywele. Siku hizi hata hatutafutani. Kila mmoja anaenda kwenye beseni lile lile la pembeni na kumkuta mwenzake hapo.

Ni vizuri nieleze kwamba hakuna anayekuja kutawadhwa akiwa na miguu michafu. Jambo hili ni ishara ya unyenyekevu, na kwa kuwa ni ishara ya unyenyekevu, kila mtu huamka mapema akajisugua nyumbani ili asiaibike. Maji yanayobaki kwenye beseni baada ya ibada unaweza kuyapikia chai.

Siku ninayoisimulia, jirani yangu aliushika mguu wangu wa kushoto, akaumwagia maji, akapitisha kiganja chini ya unyayo, kisha akatulia. Akapitisha tena. Halafu akaanza kusugua kwa kidole gumba.

"Ndugu, umekanyaga lami," akaninong'oneza.

"Sijakanyaga lami."

"Basi ni utomvu wa msonobari. Hiyo mimi naijua. Haitoki na sabuni, utapaka mafuta ya taa."

"Sawa. Tuombe."

"Ngoja kidogo, inakaribia kutoka."

Haikutoka. Tuliomba, tukakumbatiana, nami nikamtawadha yeye, ambaye nyayo zake zilikuwa safi kama sahani.

Nimesoma chuo cha Biblia. Nimefundisha somo la dini katika shule za sekondari mpaka nikastaafu, na hadi leo watu wa hapa huniita Mwalimu. Pamoja na elimu yote hiyo, nilienda nyumbani nikapaka mafuta ya taa. Nilipaka jioni baada ya jioni, kwa uaminifu, mpaka mke wangu akasema amechoka kulala na jiko la mafuta.

"Unapaka nini huko chini?"

"Kuna utomvu."

"Utomvu gani wa kukaa wiki zote hizo? Leta mguu dirishani."

Nikaupeleka mguu dirishani. Aliutazama kwa muda mrefu. Mke wangu si mtu wa kutazama vitu kwa muda mrefu; hata kuku anayetaka kumnunua humtazama mara moja tu. Aliniambia kwamba ni alama nyeusi, kubwa kupita mbegu ya papai, na upande mmoja umesambaa kama wino uliodondokea karatasi yenye unyevu. Akaniuliza imekuwa hapo tangu lini. Naomba msomaji naye ajiulize ni lini mara ya mwisho alipoziangalia nyayo zake mwenyewe.

Kijana wetu anaishi Nairobi na mkewe; binti yetu anafanya kazi Nakuru. Alitaka atumiwe picha. Mke wangu alipiga picha kadhaa za kidole chake mwenyewe, kisha moja ya unyayo wangu. Simu ikalia kabla hatujaketi.

"Baba, hii si kitu ya kupaka mafuta ya taa."

"Nani amekuambia kuhusu mafuta ya taa?"

"Mama. Kuja Nakuru. Nimekutafutia daktari wa ngozi."

Daktari alikuwa mwanamke kijana, wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Aliinama akaiangalia alama kwa kioo kidogo chenye taa, akazunguka upande huu na ule, kisha akavuta kiti na kuketi mbele yangu.

"Mzee, sijui hii ni nini," akasema. "Ndiyo maana nataka kuitoa yote, ipelekwe maabara iangaliwe vizuri."

"Inaweza kuwa nini?"

"Inaweza kuwa alama tu, kama zile watu wanazaliwa nazo. Inaweza kuwa kansa ya ngozi. Kwa watu weusi hiyo kansa inapenda nyayo na viganja. Sitaki kukuficha."

Nilimshukuru kwa kutonificha, ingawa moyoni niliona angenificha kidogo.

Akanidunga sindano ya ganzi kwenye unyayo. Nimehubiri mara nyingi juu ya misumari ya msalabani. Tangu siku ile nahubiri kwa kifupi. Baada ya hapo sikusikia kitu ila mikono yake ikifanya kazi, na akanionyesha kile alichokikata, kipande kidogo kama ganda la chungwa, kikielea ndani ya kichupa. Akaushona unyayo, akaufunga bendeji, akatoa maagizo: nisiukanyage, nisiuloweshe. Majibu yangechukua wiki mbili, pengine tatu. Wangenipigia simu.

Nisiukanyage mguu nilielewa. Kutoulowesha hapa Elburgon wakati wa mvua za masika ni agizo linalohitaji muujiza. Huku kwetu ukungu wenyewe unalowesha. Mke wangu alichukua mfuko wa plastiki uliokuwa umebeba sukari, akauvuta juu ya bendeji, juu yake akaweka mfuko wa unga wa ngano, akafunga kwa mpira. Hivyo ndivyo nilivyokwenda kila mahali, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine ndani ya unga wa ngano, nikiegemea mkongojo.

Sasa nije kwenye kungoja.

Nimefundisha juu ya kutojisumbua kwa miaka mingi. Naweza kulifundisha somo hilo bila kujitayarisha. Nina mifano ya ndege na ya maua ya kondeni, na watu huitikia kwa vichwa. Nilipoanza kungoja majibu ya unyayo wangu, niligundua kwamba ndege wote na maua yote nilikuwa nimewagawia wengine. Nilikuwa naamka nikiwa nimeshashtuka. Nilikuwa nakunywa chai bila kujua kama ina sukari. Nilikuwa nikisoma Neno, nafika mwisho wa sura, na sura yote imepita kama gari lisilosimama.

Na robo hiyo ya mwaka, kwa mpango wa Mungu, darasa langu la Sabato asubuhi lilikuwa linajifunza habari za Ayubu. Nilisimama mbele ya watu nikiwa na mfuko wa unga mguuni, nikaeleza habari za mtu aliyepigwa majipu tangu wayo hata utosi wa kichwa. Darasa lilinitazama mguu. Mimi niliendelea na somo. Ayubu alikuwa na majipu mwili mzima na mimi nilikuwa nimeondolewa alama moja, lakini Ayubu hakuwa na mtandao. Mimi nilikuwa nao kwenye simu, na katika mtandao nilikuwa nimesoma mambo ambayo hata wale rafiki zake watatu wasingethubutu kumwambia.

Siku hiyo hiyo, baada ya mahubiri, ulifika wakati wa kutoa maombi. Kwetu kila mwenye ombi husimama akalitaja: mtoto ana mtihani, ng'ombe hali, safari ya Keringet, matanga ya shemeji. Na mwenye jambo asilotaka kulisema husimama tu akasema, nina ombi, Mungu analijua, na kanisa linaliombea hivyo hivyo likiwa limefunikwa. Ni desturi nzuri. Inawasaidia wenye haya.

Nikasimama. "Nami nina ombi," nikasema. "Mungu analijua."

Sikuwa nimefikiria vizuri. Mimi ni mzee wa kanisa. Katika miaka yangu yote nilikuwa nikiyapokea maombi yaliyofunikwa ya watu wengine. Langu nilikuwa sijawahi kulileta. Wanawake waligeuka wakamtazama mke wangu. Mke wangu alifungua kitabu cha nyimbo na kukisoma kwa makini, ingawa hatukuwa tunaimba.

Kuhusu mguu, kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba nina kidonda. Hilo lilikuwa kweli. Kwa hiyo watu wakauweka mguu upande mmoja na ombi upande mwingine, na hakuna aliyefikiria kuviunganisha.

Wageni wakaanza kuja. Mweka hazina wa kanisa alikuja na mkungu wa ndizi, akanywa chai, akaniambia kwamba mgogoro wa shamba humzeesha mtu, na kwamba kama ni ndugu zangu wa kule kwetu magharibi wanaonisumbua, yeye anamjua wakili mzuri. Sina mgogoro wa shamba. Baadaye nilikuja kusikia kwamba yeye ndiye aliyekuwa nao. Kiongozi wa kwaya alikuja akaniombea moyo wa subira kwa vijana wanaotaka kinanda cha umeme. Mama mmoja mjane alikaa na mke wangu jikoni akamweleza jinsi ya kuishi na mwanamume aliyeacha kuongea nyumbani. Kila mmoja aliliweka ombi langu kwenye mizani ya nyumba yake. Niliwashukuru wote, nikasema amina kwa kila sala. Wakishaondoka nilibaki na hofu yangu vile vile, na ndizi.

Nje ya familia, aliyejua ukweli alikuwa mmoja tu, mwenzangu wa beseni. Nilimwambia kwa sababu asingeacha kuuliza kama utomvu umetoka. Nikamwomba asiseme. Alikaa siku chache bila kuonekana, kisha akaja asubuhi moja, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ni mimi," akasema.

"Naona ni wewe. Karibu."

"Hapana. Nasema ni mimi. Nilisugua sana. Bibi yangu anasema kitu kama hiyo ukiisugua unaiamsha."

"Haikuwa imelala."

"Unajuaje?"

"Sijui."

Akaketi. "Na ile mafuta ya taa?"

"Mafuta ya taa nilipaka mwenyewe."

"Lakini ni mimi nilisema. Daktari alisemaje kuhusu hiyo?"

"Sikumwambia."

"Hukumwambia daktari?"

"Niliona haya."

Alinitazama, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. "Mwalimu mzima," akasema. "Mwalimu mzima na vyeti vyako ukutani. Mimi nilikuwa nabeba magogo. Wewe unasikiza mtu wa magogo?"

"Umekuja kunifariji au kunicheka?"

"Sikuja kwa lolote kati ya hayo. Nimekuja kungoja."

Akavuta beseni la minji, yaani njegere, ambalo mke wangu alikuwa ameliacha, akaanza kuambua. Nami nikaambua. Hakuwa na maneno ya faraja, na hilo lilikuwa jambo jema, kwa sababu ya kwangu nilikuwa nimeyachosha. Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi. Mke wangu hajawahi kuwa na minji mingi iliyoambuliwa kama wakati ule. Aliiuza, akagawa, akatuambia twende polepole.

Wiki mbili zikapita bila simu. Simu yenyewe hupata mtandao vizuri sehemu moja tu hapa nyumbani, kwenye pembe ya tangi la maji, kwa hiyo kiti changu kilihamia tangini. Nilikuwa nikiinuka kuingia ndani, naiacha juu ya tangi ndani ya kikombe ili isianguke. Ng'ombe alizoea kuniona pale.

Ijumaa ya wiki hiyo, jua lilipokaribia kuzama, niliizima simu. Hii si sheria ya kanisa, ni desturi ya nyumba yangu. Sabato inapoingia tunazima redio, tunazima simu, tunaimba wimbo mmoja, na dunia inabaki nje ya lango mpaka jua la Jumamosi lizame. Nimefanya hivyo tangu nilipopata simu ya kwanza. Mke wangu alinitazama nikibonyeza.

"Kama ni ng'ombe ameanguka shimoni siku ya Sabato, ungemtoa," akasema.

"Ningemtoa."

"Basi iache ikiwaka."

"Hospitali haitapiga wakati huu. Wako mbioni kwenda nyumbani kama watu wengine."

Nilikuwa nimesahau kwamba kuna hospitali zinazofanya kazi Jumamosi mpaka adhuhuri. Sisi tunaopumzika siku hiyo huwa tunadhani dunia nzima imepumzika nasi. Jumamosi jioni tuliifunga Sabato kwa wimbo, nikachechemea hadi tangini, nikaiwasha simu. Ukaingia ujumbe kwamba nambari ya hospitali ilinitafuta asubuhi. Ilinitafuta mara mbili.

Nikapiga. Ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na leso mabegani. Hakuniambia kwamba aliniambia. Katika maisha yetu ya ndoa nimepokea zawadi nyingi kutoka kwake, na hiyo naiweka karibu na juu.

"Mpaka Jumatatu," nikasema.

"Mpaka Jumatatu," akasema.

Nilianza kupima mambo. Kama ni habari njema, wangepiga mara mbili? Mtu mwenye habari njema hupiga mara moja, akikukosa anaandika ujumbe. Au pengine mwenye habari njema ndiye anayepiga mara mbili, kwa furaha. Nilijenga hoja za kila upande. Binti yetu alisema labda ni mtu wa mapokezi tu. Nilimpigia jirani kumweleza, naye akasema, "Mara mbili si mbaya. Mara tatu ndiyo mbaya." Nilimwuliza amelitoa wapi hilo. Akasema amelitunga sasa hivi.

Jumapili alasiri nilikuwa sebuleni, jirani yangu yuko pembeni na minji yake, tukasikia watu langoni. Ilikuwa kamati ya maombi, wakiongozwa na mama anayesimamia akina mama wa kanisa, mwanamke mwenye sauti ambayo haihitaji kipaza sauti. Waliingia wakajaza viti na makochi yote. Mke wangu akaanza kuhangaika na chai, lakini mama yule akamzuia.

"Chai baadaye, dada. Leo tumefunga. Tangu jana jioni hatujatia kitu mdomoni."

Nikashukuru, nikiwa sijui ninashukuru kwa nini.

"Mwalimu," akasema, "ombi lako tumelibeba. Tumefunga kwa ajili ya yule kijana."

"Kijana gani?"

"Kijana wako wa Nairobi. Arudi kwa bibi yake."

Nilimtazama mke wangu. Mke wangu alinitazama.

"Kijana wangu hajaachana na bibi yake," nikasema.

Mama yule akawageukia wenzake, wenzake wakatazama sakafu.

"Kwani ombi si hiyo?"

"Hapana."

"Nilisema ni shamba," akasema mweka hazina.

"Si shamba."

Jirani yangu alikuwa anaambua kwa kasi ya kutisha. Minji ilikuwa inaruka nje ya beseni. Nilimwangalia na nikaona mtu aliyebeba siri yangu kwa majuma mawili, akiulizwa kila alipopita njiani, naye alikuwa amekonda.

"Ni mguu," nikasema.

"Wa nani?"

"Wangu."

"Si ulisema ni kidonda?"

"Ni kidonda. Lakini nilikatwa. Kulikuwa na alama nyeusi chini ya unyayo, daktari akaitoa ikapimwe kama ni kansa. Jana walinipigia nikawa nimezima simu. Majibu yako tayari na mimi siyajui."

Lile neno nilikuwa sijalisema kwa mdomo wangu tangu siku ya daktari. Nilipolisema, sauti yangu ilifanya kitu ambacho sikuwa nimeiruhusu kufanya. Nikajaribu kukohoa.

"Naogopa," nikasema. "Nimewafundisha msiogope, nami naogopa sana. Hilo ndilo ombi."

Mke wangu alikuwa ameinua uso anaangalia dari. Kisha ajuza mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, aliyekuwa ameketi karibu na mlango kwa sababu ya magoti yake, akasema polepole, "Na sisi tumekaa na njaa kwa ajili ya kijana ambaye anakula na bibi yake."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa jirani yangu. Alicheka mpaka beseni likamwagika. Tukacheka wote, hata mimi, kicheko kilichochanganyika na kitu kingine, nikafuta uso kwa kiganja. Mama kiongozi alikuwa wa mwisho kucheka na wa kwanza kunyamaza. Akaja akapiga magoti mbele ya kiti changu. Alitafuta mahali pa kuweka mkono, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, akauweka juu ya mfuko wa unga.

"Bwana," akaomba, "lile la kijana liweke akiba, litapata mwenyewe. Leo tunakuletea mguu. Na huyu mtu anaogopa. Tuko hapa pamoja naye. Amina."

Nimesikia sala ndefu zaidi zilizosema machache kuliko hiyo. Baada ya hapo wakafungulia kinywa kwa chai na minji. Minji ilikuwepo ya kutosha.

Usiku huo nililala. Hofu haikuondoka, ila sikuwa peke yangu nayo.

Jumatatu hatukungoja kupiga simu. Tulishuka Nakuru asubuhi, mimi na mke wangu, binti yetu akatukuta hospitalini. Daktari alitupokea mwenyewe. Aliomba radhi kwa kupiga Jumamosi. Alisema hakutaka nikae na wasiwasi mpaka wiki mpya. Nilimwambia hakuna shida.

"Mzee, nitasema moja kwa moja," akasema. "Ilikuwa imeanza kuwa kansa. Lakini ni mwanzo kabisa. Iko kwenye ngozi ya juu tu, haijaingia ndani. Kama ungekaa nayo mwaka mwingine, tungekuwa tunaongea maneno mengine."

Mke wangu alinishika kiwiko.

"Imetoka?" nikauliza.

"Karibu yote. Upande mmoja, pale nilipokata, imekaribia ukingo. Nataka nikate tena, pana kidogo. Halafu tutakuwa tunakuangalia kila baada ya miezi michache."

"Nitabaki na mguu?"

"Utabaki nao, mzee."

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya siku hiyo. Nilikuwa na ya kushukuru, marefu, na mengine ya kupokea mapenzi ya Mungu, marefu zaidi. Halikutoka hata moja. Niliketi pale nikitazama mikono yangu juu ya magoti. Baadaye nikasema asante, sijui nilimwambia yeye au Mungu, na nadhani wote wawili waliipokea.

"Alikuwa anapaka mafuta ya taa," mke wangu akamwambia daktari.

Daktari akanigeukia. Binti yetu akafunika uso.

"Hayakusaidia na hayakuharibu," akasema. "Lakini usirudie."

Nilikatwa tena wiki iliyofuata. Safari hii unyayo uliuma kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu kidonda kilikuwa kipana, na nikasukumwa ndani ya kiti cha magurudumu hadi lango la hospitali kama mtu mashuhuri. Kungoja kwa pili kulikuwa kungoja vile vile. Niliogopa, nikasema naogopa, na kanisa likaliombea hilo kwa jina lake. Majibu yalipokuja yalisema ukingo wote ni safi. Hayo yalipokelewa na binti yetu, siku ya kazi, saa ya kazi, kwa nambari yake, kama mke wangu alivyokuwa ameagiza.

Sasa natembea. Nachechemea kidogo kukiwa na baridi, na kwetu baridi iko. Daktari alisema mtu wa nyumbani aniangalie ngozi mara kwa mara, hasa zile sehemu nisizoweza kuziona mwenyewe. Mke wangu amelichukua agizo hilo kwa uzito. Kila mwanzo wa mwezi, mchana, ananitoa nje penye mwanga, ananigeuza mgongo, viganja, nyayo, nafasi za katikati ya vidole, kama anayechagua viazi vya mbegu. Hana haraka. Akikuta kitu anakibonyeza na kuuliza, "Hii ni ya zamani?" Mimi najibu kwamba sijui. Anachukua simu, anapiga picha, sasa amejua kuondoa kidole. Halafu ananipiga kofi jepesi begani, anasema, "Vaa shati."

Navaa shati. Naingia ndani nikiwa nimehesabiwa kuwa mbegu nzuri kwa mwezi mwingine.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Bwana akulinde tangu utosini hadi nyayoni, na zile sehemu za mwili wako usizoziona azitazame yeye, kisha akupe mtu wa kuzitazama kwa niaba yake. Kama kuna majibu unayoyangoja, yawe mepesi. Na yasipokuwa mepesi, yakukute ukiwa na watu sebuleni. Akupe amani, na akupe usingizi leo. Amina.